Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Mbili Juu ya Kabati

SWALI: Ndugu mwandishi, assalaam aleikum. Mimi na kaka yangu tulikulia Portsmouth, Uingereza, na mwaka 1983 marehemu baba yetu alitununulia kompyuta ndogo nyeusi ya Sinclair yenye vitufe vya mpira, ambayo tuliiunganisha na televisheni ya sebuleni na redio kaseti ya mama. Tulirudi Unguja mwaka 1991, na mwezi uliopita, tulipokuwa tukipaka rangi nyumba ya wazee, tulikuta juu ya kabati maboksi mawili. Moja lina kompyuta hiyo ya vitufe vya mpira, na la pili lina nyingine ndefu zaidi yenye chuma cha mapezi upande wa kulia, ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeikumbuka vizuri. Tangu siku hiyo tunabishana. Kaka anaapa kwamba neno PRINT, ile amri ya kuandika kwenye skrini, halikuandikwa herufi kwa herufi, bali kitufe kimoja kilitosha. Mimi vidole vyangu vinakumbuka kuliandika lote. Mimi nakumbuka muziki wa sauti tatu kwa pamoja. Yeye ananicheka na kusema kompyuta yetu ililia kama mbu tu. Tunalokubaliana ni kwamba mtu wa katika mchezo alipopita mbele ya mti alikuwa akigeuka rangi, na baba aliamini televisheni imeharibika hata akamwita fundi. Nani kati yetu anakumbuka sawasawa? Na je, tukiziwasha zitafanya kazi? Kuna pia kanda tisa, na moja kati yake ina taarabu upande wa kwanza, na upande wa pili imeandikwa kwa mkono wa baba “Mchezo wa maneno”. Hiyo ni programu aliyoitunga mwenyewe ili tusisahau Kiswahili: kompyuta ilitoa neno la Kiingereza, nasi tukaandika la Kiswahili. (Msomaji, Unguja)

JIBU: Waalaikumu ssalaam, dada yangu. Kaka yako anakumbuka sawasawa, nawe unakumbuka sawasawa, na ushahidi umeuandika mwenyewe katika barua yako: maboksi ni mawili. Kompyuta ya vitufe vya mpira ni ZX Spectrum, iliyotolewa na kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge tarehe 23 Aprili 1982, kwa pauni 125 ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 na pauni 175 ile yenye kilobaiti 48. Hiyo yenye chuma cha mapezi, ambacho kazi yake ni kupoza joto, ni mdogo wake, Spectrum 128, iliyoanza kuuzwa Hispania mwaka 1985 na kufika madukani Uingereza mwanzoni mwa 1986. Inaelekea kwamba baba yenu alinunua ya pili baada ya ya kwanza kuchoka au kuonekana ndogo, na kwa kuwa zote mbili zilikaa mahali pale pale, mbele ya televisheni ile ile, miaka imeziunganisha zikawa kompyuta moja vichwani mwenu, kila mmoja akibaki na ile aliyoishughulikia zaidi. Kama ningetakiwa kubahatisha, ningesema kaka yako ndiye mkubwa wako.

Katika ile ya kwanza, neno PRINT halikuandikwa kwa herufi zake. Mwanzoni mwa mstari, alama ya kuandikia ilikuwa herufi K iliyomwekamweka, maana yake kompyuta inasubiri amri, na hapo ukibonyeza P lilijitokeza neno zima PRINT, ukibonyeza J ikaja LOAD ya kupakia programu kutoka katika kanda, na ukibonyeza R ikaja RUN ya kuiendesha. Mara tu amri ilipoingia, alama ile iligeuka kuwa L na vitufe vikarudi kuwa herufi za kawaida. Amri zilikuwa nyingi kuliko vitufe, ambavyo jumla yake ni 40, kwa hiyo kila kitufe kilibebeshwa maandishi juu, chini na usoni, na mtoto wa miaka tisa alijua kuvipata vyote gizani. Utaratibu huo haukuwa wa kuonea watu. Kila amri ilihifadhiwa kama baiti moja tu badala ya baiti tano au sita, kompyuta haikuhitaji kupoteza nafasi kuchambua tahajia ya mtumiaji, na kibodi ya mpira, ambayo kuandikia kwake kulikuwa kama kubonyeza maganda ya chungwa, ilihitaji mibonyezo michache iwezekanavyo. Steven Vickers, aliyeandika sehemu kubwa ya programu ya ndani ya kompyuta hiyo pamoja na kitabu chake cha maelekezo, aliibana lugha nzima ya BASIC, ambayo ndiyo ya kuandikia programu, na mambo mengine yote katika kilobaiti 16.

Spectrum 128 ilipowashwa ilifungua orodha ya kuchagua, na aliyechagua 128 BASIC alipata kihariri kipya ambacho ndani yake amri ziliandikwa herufi kwa herufi kama vidole vyako vinavyokumbuka. Aliyechagua 48 BASIC alirudishwa kwenye utaratibu wa zamani. Na muziki wa sauti tatu pia ni wa hiyo ya pili: ilikuwa na chipu maalumu ya sauti ambayo milio yake ilitokea katika spika ya televisheni, ilhali ile ya kwanza ilikuwa na kispika kidogo tumboni kilichojua mambo mawili tu, kusukumwa na kuachiwa. Mbu wa kaka yako ni maelezo ya haki kabisa.

Kuhusu mtu aliyegeuka rangi, baba yenu alimlipa fundi bure. Picha ya Spectrum ilikuwa na nukta 256 kwa mlalo na 192 kwa wima, lakini rangi hazikugawiwa nukta moja moja. Ziligawiwa vyumba vya nukta nane kwa nane, na kila chumba kiliruhusiwa rangi mbili tu, ya maandishi na ya nyuma yake. Mchezaji alipoingia katika chumba cha mti, rangi mbili zilikwisha kuchukuliwa na mti, basi naye akavaa kijani akitaka asitake. Walichookoa kwa ubahili huo kinahesabika: picha nzima pamoja na rangi zake ilichukua baiti 6,912, ambapo kama kila nukta ingepewa uhuru wa kuchagua katika rangi 16 ingehitaji baiti 24,576, yaani nusu nzima ya kumbukumbu ya kompyuta kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu. Watengenezaji wa michezo walijifunza kuishi na udhia huo. Wengine waliwafanya watu wao kuwa na rangi ile ile ya mandhari ili aibu isionekane, na baadhi ya michezo ya namna hiyo ndiyo mizuri zaidi kwa macho yangu hata leo, kwa kuwa ilibidi uzuri wake utoke katika umbo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wewe umeliweka mwisho nami ningeliweka mwanzo, nalo ni kanda. Spectrum zilitengenezwa kwa mamilioni, nyingi zikitoka katika kiwanda cha Timex mjini Dundee, na hadi leo mtu anayetaka moja huipata. Michezo ya dukani iliyomo katika zile kanda nyingine imekwisha kunakiliwa na wapenzi wa kompyuta hizi mara nyingi sana. Lakini mchezo wa maneno wa baba yenu umo katika kanda moja tu duniani, na kanda hiyo imekaa miaka zaidi ya thelathini katika hewa ya bahari. Kwa hiyo usiiwashe kompyuta kwanza. Wala usiitie kanda hiyo katika redio kaseti yoyote iliyo karibu, eti usikie tu kama ingali hai.

Anza kwa kuvunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyoko mgongoni mwa kaseti, kama bado vipo, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya asifute kitu. Upande wa taarabu na upande wa programu havigusani, kwa kuwa kila upande una mkondo wake katika utepe, lakini mkono wa mtu mmoja ukikosea siku moja unatosha kuupoteza wowote kati yake. Kisha iangalie kanda katika mwanga mkali kupitia dirisha lake. Ukiona unga mweupe kandokando ya utepe, huo ni ukungu, na kanda ya namna hiyo haichezwi mpaka isafishwe, la sivyo ukungu utahamia katika kichwa cha mashine na kutoka hapo kwenda katika kanda nyingine zote. Ikiwa haina ukungu, tafuta mashine nzuri ya kaseti, safisha kichwa chake kwa pamba iliyochovywa spiriti, ipeleke kanda mbele hadi mwisho na kuirudisha bila kuicheza, ndipo uunganishe tundu la spika za masikioni la mashine hiyo na tundu la kurekodia la kompyuta yako ya sasa. Rekodi kwa muundo wa WAV, wala usitumie MP3, maana MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu halizikosi lakini kompyuta hii inaweza kuzikosa. Na kama mashine ya kaseti ina kizima-kelele, kizime.

Utakachokisikia kitakurudisha Portsmouth kabla ya picha yoyote. Kwanza mlio mmoja mrefu usiobadilika wa sekunde tano hivi, ambao kwenye televisheni ulikuwa ule ukingo wenye michirizi mipana ya nyekundu na samawati, halafu mkwaruzo mfupi, nao ni baiti 17 za utambulisho zenye jina la programu, kimya kidogo, mlio mwingine, na mwisho mkwaruzo mrefu wa michirizi ya buluu na njano, ambao ndio programu yenyewe. Kasi yake ilikuwa wastani wa biti 1,500 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo kuijaza kumbukumbu yote ya kilobaiti 48 kulichukua karibu dakika nne na nusu, muda ambao nyumba nzima ilikatazwa kugusa meza, kwa kuwa mtikisiko mmoja ulitosha kuleta maandishi “R Tape loading error, 0:1” na kazi ikaanza upya. Programu ya maswali ya maneno, hata kama mzee aliipamba, sidhani kama ilizidi kilobaiti nne. Maana yake ni kwamba kazi yote ile ya baba yenu imo katika nusu dakika ya mikwaruzo, na pengine ipo mara mbili au tatu katika upande ule ule, maana watu waangalifu walizoea kuhifadhi programu moja mara kadhaa mfululizo. Usiache kurekodi baada ya kusikia ya kwanza. Acha upande wote uishe.

Kama sauti imefifia na kuwa nzito, tatizo mara nyingi ni kichwa cha mashine kutokaa sambamba na utepe kama kilivyokaa kile cha redio ya mama yenu. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo. Izungushwe polepole, robo mzunguko au chini ya hapo, huku kanda ikicheza, mpaka mlio uwe mkali kuliko mahali pengine popote. Fundi redio yeyote wa umri wetu anaijua kazi hiyo. Ukishapata faili safi, weka katika kompyuta yako Fuse, ambayo ni programu ya bure inayoigiza Spectrum, chagua kompyuta ya 48, bonyeza J, kisha alama ya kunukuu mara mbili, kisha ENTER, na ucheze faili hilo kama kanda. Likikubali utaona neno “Program:” likifuatiwa na jina. Kaseti imeandikwa “Mchezo wa maneno”, lakini Spectrum haikuruhusu jina lizidi herufi 10, kwa hiyo hilo utakaloliona ni jina jingine, alilolichagua mzee mwenyewe akiwa ameketi mbele ya kibodi, na nyinyi huenda mmelisahau.

Programu ikianza kuuliza maneno, jibuni machache, halafu, ikiwa inasubiri jibu, isimamisheni kwa kubonyeza CAPS SHIFT pamoja na 6, na muiombe LIST, yaani iwaonyeshe mistari yake. Hapo ndipo penye mali. Mtaona mistari ya DATA yenye maneno aliyoona watoto wake hawapaswi kuyapoteza, na kama alikuwa mtu wa utaratibu mtaona pia mistari ya REM, ambayo kompyuta huiruka na ambayo huandikwa kwa ajili ya binadamu atakayesoma baadaye. Nakilini faili hilo mahali pasipopungua patatu, na kimoja kiwe nje ya Unguja.

Kuhusu kuziwasha, nitakuwa mfupi. Adapta za zamani ndizo adui wa kwanza. Spectrum hizi zinataka volti 9, lakini ncha hasi iko katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi za leo, na mtu anayechomeka adapta ya ruta kwa kuwa tundu limekubali anaweza kuiua kompyuta papo hapo. Katika ile ya vitufe vya mpira, chipu za kumbukumbu za kilobaiti 16 za kwanza hutaka umeme wa aina tatu, volti 5, volti 12 na volti hasi 5, na ule wa volti hasi 5 ukikosekana chipu huweza kuungua. Kwa hiyo fundi azipime kwanza na abadilishe kapasita, ambazo baada ya miaka arobaini zimekauka au zimevuja. Kibodi yake ina utando wa plastiki ambao bila shaka umekakamaa na utakatika ukiuvuta. Mpya zinatengenezwa hadi leo, nao ni ukarabati wa nusu saa. Picha yake ilitoka kwa chaneli ya 36 ya UHF kwa mfumo wa analogia, ambao televisheni nyingi mpya hazina, ila fundi anaweza kutoa picha moja kwa moja na kuipeleka katika tundu la AV. Spectrum 128 ina tundu la picha upande wa nyuma, basi kama mnataka kuona moja ikiwaka mapema, anzeni na hiyo yako, dada.

SWALI: Mimi nilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1970 na nimekuwa nikisoma habari za wenzetu wa Ulaya wanaokumbuka kompyuta zao za utotoni kama sisi tunavyokumbuka gari la waya. Niliiona kompyuta kwa macho nikiwa na miaka zaidi ya ishirini. Je, ulikuwa ni umaskini tu? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Umaskini ulikuwepo, lakini haukuwa peke yake. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mambo yake hayakwenda vizuri. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, na katazo hilo lilichukua miaka mingi kulegea. Fikiria pia kompyuta hizi zilivyokuwa zimeundwa. Bei ilishuka hadi pauni 125 kwa sababu Clive Sinclair, mwenye kampuni, aliviondoa vitu viwili vya gharama, skrini na mtambo wa kuhifadhia, akitegemea kwamba kila nyumba ya Uingereza tayari ina televisheni na redio kaseti. Redio kaseti Temeke zilikuwepo. Televisheni Zanzibar ilikuwepo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara haikupata kituo cha televisheni mpaka 1994. Kwa hiyo hata mjomba aliyefanya kazi melini, kama angekuletea Spectrum kwa siri ndani ya begi la nguo, ungekuwa na kompyuta isiyo na mahali pa kuonekana. Kufika mwaka 1994 kompyuta za namna ile zilikuwa zimekwisha kupitwa. Sinclair mwenyewe alikuwa ameiuzia kampuni ya Amstrad biashara yake ya kompyuta kwa pauni milioni 5 mwaka 1986. Kizazi chako hakikuchelewa enzi hiyo, kiliirukishwa, na mimi naona tofauti hiyo ina uzito: wewe ulianza na kompyuta inayokuonyesha madirisha, na hukuwahi kukutana na ile inayokusubiri uiambie la kufanya.

SWALI: Hapa Maskati tulikuwa na kompyuta ya Sakhr nyumbani, miaka ya themanini, iliyoandika Kiarabu. Nimesikia kwamba ndani yake mlikuwa na chipu ile ile ya Sinclair. Je, kanda zake zinaweza kusomwa na Spectrum ya shemeji yangu? Na michezo yake ya kuchomeka, ile ya vibweta vya plastiki, ingali mizima? (Msomaji, Maskati)

JIBU: Chipu ni ile ile, Z80, na kasi zake zinakaribiana sana, lakini kanda hazitasomeka. Sakhr, iliyouzwa na kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, ilifuata kanuni za MSX zilizotangazwa mwaka 1983 ili kompyuta za viwanda mbalimbali ziweze kutumia programu zile zile, na MSX huandika katika kanda kwa milio ya mpangilio wake yenyewe, kwa kasi ya biti 1,200 au 2,400 kwa sekunde. Spectrum ya shemeji yako mbele ya kanda hizo ni kama mtu aliyesomeshwa msahafu na kujua herufi zote, kisha akapewa utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi hizo hizo ilhali Kiswahili hakijui: atatoa sauti, hataelewa. Kama katika kanda hizo kuna barua au programu ulizoandika mwenyewe, fuata njia ile ile niliyomweleza msomaji wa Unguja, ila tafuta programu inayoigiza MSX badala ya Fuse.

Michezo ya vibweta ina maisha marefu kuliko kanda, kwa kuwa imechongwa ndani ya chipu na haitegemei sumaku. Kinachoiharibu ni kutu katika meno yake ya shaba. Yasugue taratibu kwa raba safi ya penseli, yafute kwa spiriti na kuyaacha yakauke, na hakikisha swichi ya kompyuta imezimwa kabla ya kuchomeka na kabla ya kuchomoa.